Walichopewa Wapima na Walichonyimwa: Uchambuzi wa Sheria ya Wapima Ardhi za Kanada ya 1998

Tarehe 11 Juni 1998, miswada kadhaa iliyokwisha pita Bunge la Kanada ilipata kibali cha kifalme kwa mkupuo mmoja. Ukifungua kitabu cha sheria za mwaka ule utakuta mbili kati ya hizo zimekaa ubavu kwa ubavu, sura ya 14 na sura ya 15. Ya 15 inahusu Nunavut, eneo la Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ya mbali, lililokuwa linasubiri kuzaliwa mwaka uliofuata. Hiyo ilizungumzwa kila mahali. Ya 14 inahusu wapima ardhi, na nje ya watu wa fani yenyewe sidhani kama kuna aliyeisubiri kwa hamu. Ndiyo ninayotaka tuipekue hapa.

Iliingia bungeni kama muswada namba C-31, wakati Waziri wa Maliasili akiwa Ralph Goodale, na ilianza kutumika tarehe 18 Machi 1999. Kabla yake, mtu aliyetaka kupima mipaka katika ardhi za serikali ya shirikisho alitahiniwa na serikali, akapewa cheo na serikali, na akivuruga kazi aliitwa na serikali. Baada yake, kutahini, kutoa leseni, kuandika maadili, kusikiliza malalamiko na kuadhibu vikawa mikononi mwa wapima wenyewe, kupitia Chama cha Wapima Ardhi za Kanada. Kwa lugha ya sheria, chama kilipewa hadhi ya kujisimamia.

Nimeisoma sheria hii mara kadhaa, na kila mara narudi kwenye jambo lilelile: nguvu yake iko katika kile ambacho serikali haikukitoa. Na iko sehemu moja ambayo bado inanikera. Nitafika huko.

Ardhi za nani?

Kanada ina majimbo 10, na ndani ya jimbo ardhi kwa kawaida ni mambo ya jimbo. Kila jimbo lina sheria yake ya mipaka na wapima wake. Ila kuna ardhi ambazo jimbo halizigusi: maeneo matatu ya kaskazini, yaani Yukon, Maeneo ya Kaskazini-Magharibi na Nunavut, hifadhi za taifa, ardhi zilizotengwa kwa ajili ya Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wa Kanada, chini ya Sheria ya Wahindi (hilo ndilo jina lake mpaka leo, na Wahindi hapa ni wenyeji hao), na sakafu ya bahari nje ya pwani. Hizo zote kwa pamoja huitwa Ardhi za Kanada. Ukiangalia ramani, ni sehemu kubwa mno ya nchi. Ukiangalia watu, wengi wanaoishi juu yake ni Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi, watu wenye asili ya mchanganyiko wa wenyeji na Wazungu.

Naomba msomaji alishike hilo la mwisho, maana bila hilo kisa hiki kitaonekana ni ugomvi wa makarani kuhusu nani agonge muhuri.

Mpima hana mteja mmoja

Wanasheria wana chama kinachojisimamia, madaktari vilevile. Kwa nini wapima? Watu wengi humwona mpima kama fundi: ana mashine juu ya miguu mitatu, anasoma namba, anachora. Fundi akiharibu, unamdai. Chama cha kujisimamia cha nini?

Hebu tumsogelee akiwa kazini. Mpima ameajiriwa na mtu anayetaka kujenga karibu na mpaka wa kiwanja. Anafika na ramani ya zamani inayosema upande ule una urefu wa mita 60. Anatafuta alama mbili za pembeni. Ya kwanza anaipata, nondo ya chuma imezama chini ya majani. Ya pili haionekani. Anapima mita 60 kutoka ya kwanza, anachimba, hakuna kitu. Mpima mvivu atapigilia nondo mpya hapohapo na kuondoka. Mpima anayeijua kazi yake ataendelea kuchimba, ataondoa udongo taratibu kwa sepeto ndogo akitafuta hata kutu, doa la rangi ya kahawia mahali ambapo chuma kimeoza. Anaweza kulikuta doa hilo kwenye mita 59 na nusu. Na hapo kanuni ya kale ya upimaji inasema: alama ya asili, yaani ile ya mwanzo iliyowekwa ardhini, kama haijahamishwa, inaishinda namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Mpaka uko kwenye doa la kutu. Mteja amepoteza nusu mita, na anayemlipa mpima ni yeye.

Jirani hakumwajiri mpima huyu, hajamlipa, pengine hata hayupo nyumbani siku hiyo. Lakini nondo ile ikiwekwa mahali pasipo pake, anayeumia ni yeye, na baada yake wanawe. Mpima analipwa na mmoja na kuwajibika kwa wawili. Zaidi ya hapo anawajibika kwa watu ambao hawajazaliwa, watakaonunua na kuuza wakiamini kwamba alama ile ni kweli. Ndiyo maana sheria ya jinai ya Kanada inafanya kuhamisha au kuharibu kwa makusudi alama iliyowekwa kihalali na mpima kuwa kosa linaloweza kumfikisha mtu gerezani hadi miaka 5.

Soko haliwezi kumrekebisha mtu wa namna hii. Mteja aliyeongezewa nusu mita atamsifu mpima na kumwelekeza kwa rafiki zake. Malalamiko yatakuja miaka 30 baadaye, kutoka kwa mtu mwingine. Kwa hiyo lazima awepo wa kumsimamia mpima kwa niaba ya yule asiyekuwepo. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni awe nani.

Kamba ya 1869

Kwa muda mrefu jibu la Ottawa lilikuwa: serikali yenyewe. Na sababu yake ni ya kihistoria.

Tarehe 11 Oktoba 1869, kundi la wapima liliingia katika shamba la majani la André Nault, aliyeishi kati ya Wametisi wa bonde la Mto Red. Walikuwa wanavuta mnyororo wa kupimia kuelekea mahali aliposema ni pake. Nault alijaribu kuwazuia. Yeye alisema Kifaransa, wao Kiingereza, hawakuelewana. Akaenda kuita watu. Walikuja Wametisi wapatao kumi na kitu, bila silaha, na mmoja wao, kijana aitwaye Louis Riel, akakanyaga mnyororo. Upimaji ukasimama hapo.

Mashamba ya Wametisi yalikuwa vipande virefu vyembamba, kila kimoja kikianzia ukingoni mwa mto na kuingia ndani, ili kila familia ipate maji na malisho. Wapima walikuwa wamekuja na mraba: nchi igawanywe miraba mikubwa, na kila mraba ugawanywe mafungu yaliyo sawa. Na walikuja kabla ardhi yenyewe haijawa ya Kanada. Ilikuwa bado inashikiliwa na Kampuni ya Hudson's Bay, na makabidhiano yalikamilika Julai 1870. Msimamizi wa kazi ile alikuwa Kanali John Stoughton Dennis. Mwaka 1871 akawa Mpima Mkuu wa kwanza wa ardhi za shirikisho.

Sikisimulii kisa hiki kumlaumu yule aliyeshika mnyororo. Nataka tuone mpima wa shirikisho alizaliwa kama nani. Alikuwa mkono wa dola. Alitangulia mbele ya walowezi, akagawa nyika za magharibi kwa miraba, na jina lake la kwanza lilikuwa Mpima wa Ardhi za Dominioni, kama Kanada ilivyoitwa enzi ile. Wenzake wa majimboni walikuwa wakifanya kazi kwa wateja binafsi, na wao walipata kujisimamia mapema sana: Manitoba 1881, Québec 1882, Ontario 1892, British Columbia 1905, Alberta 1910. Wa shirikisho walibaki chini ya bodi ya watahini ya serikali, na Mpima Mkuu akiwa ndani yake, kwa zaidi ya karne. Ilieleweka. Hakuna anayeupa mkono wake mwenyewe uhuru wa kujisimamia.

Na makosa ya enzi ile hayakwisha na enzi yake. Mikataba ya 4 na ya 6, iliyofungwa miaka ya 1870 katika nyika za magharibi, iliahidi ekari 640 kwa kila familia ya watu 5, yaani ekari 128 kwa kila kichwa. Ukubwa wa ardhi iliyotengwa ulitegemea idadi ya watu waliohesabiwa wakati wa kupima. Waliokuwa porini wakiwinda siku ya kuhesabu hawakuingia. Jamii nyingi zikabaki na upungufu, na madai yake yakaburutwa hadi mwaka 1992, Saskatchewan ilipotia saini na serikali ya shirikisho na Mataifa ya Kwanza makubaliano ya kuufidia. Katika madai hayo, tarehe ya upimaji wa kwanza ndiyo ufunguo wa hesabu yote. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mawakili na wazee wa jamii wanakaa mezani wakijadili ni siku gani hasa mpima alifika na alikuta watu wangapi.

Cheo cha maisha, chama cha hiari

Tuje miaka ya 1980. Jina la Dominioni limeshaondoka, wapima wanaitwa Wapima Ardhi za Kanada, lakini mtambo ni uleule. Unafanya mitihani ya bodi, mitihani migumu kwelikweli, unafaulu, unakula kiapo, unapewa cheo. Cheo hicho unakaa nacho maisha. Hakuna wa kukuuliza miaka 20 baadaye kama umewahi kugusa kipokezi cha setilaiti au kama bado unakumbuka sheria ya ardhi zilizotengwa. Bodi ilikuwa na uwezo wa kumsimamisha mpima kwa uzembe mkubwa au ufisadi, ndiyo. Lakini hilo lilikuwa shoka, na kosa la kila siku la mpima linahitaji kiberiti cha kuwashia taa, siyo shoka: ripoti iliyochelewa, alama isiyotafutwa vya kutosha, jirani asiyeulizwa. Makosa ya ukubwa huo hayakuwa na pa kupelekwa.

Mwaka 1985 wapima wenyewe waliunda chama. Kilikuwa shirika la kawaida lisilo la faida. Kiliandika maadili yake, na maadili yale yaliwafunga waliojiunga kwa hiari yao. Hapo ndipo ubovu wa uhiari unapoonekana waziwazi: anayejiunga ni yule ambaye hata bila chama angefanya kazi vizuri. Yule anayehitaji kusimamiwa anabaki nje, na sheria inamwambia kwamba cheo chake kiko palepale. Na hata aliyejiunga, akibanwa sana, angeweza kurudisha kadi na kuendelea kupima kesho yake asubuhi.

Wakati huohuo Ottawa ilikuwa inajipunguza. Bajeti ya Februari 1995 ilitangaza kuondoa nafasi zipatazo 45,000 katika utumishi wa umma wa shirikisho. Kazi nyingi za vipimo zilikuwa zimekwisha hamia kwa makampuni binafsi yanayofanya kazi kwa mkataba. Kwa hiyo serikali ikawa na bodi ya kusimamia watu ambao hawakuwa tena watumishi wake, wametawanyika kutoka mpaka wa Marekani hadi Bahari ya Aktiki. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Chama kilikuwa na nia na hakikuwa na meno. Serikali ilikuwa na meno na ilikuwa mbali.

Ndiyo hali iliyouleta muswada wa C-31. Na naona ni muhimu kusema kwamba uliombwa na wapima wenyewe. Mtu anayeomba kuwekewa utaratibu wa kuadhibiwa anastahili kusikilizwa kwa makini, na anastahili pia kuulizwa anataka nini kingine.

Kilichotoka na kilichobaki

Sheria ilichukua lile shirika la 1985 na kulifanya chombo cha kisheria. Iliweka mstari kati ya cheo na leseni: cheo kinaonyesha kwamba ulifaulu, leseni inakuruhusu kupima. Bila leseni ya chama, mtu haruhusiwi kufanya upimaji wa mipaka katika Ardhi za Kanada, hata kama cheo chake kina miaka 40. Mlango wa kurudisha kadi ukafungwa. Makampuni nayo yakatakiwa kuwa na kibali, jambo ambalo wengi hulipita haraka na mimi naliona zito, kwa sababu shinikizo la kumaliza kazi kwa siku mbili badala ya nne mara nyingi hutoka ofisini na wala si kwa mpima aliyeko shambani.

Bodi ya watahini ikahamia kwenye chama. Ikaundwa kamati ya malalamiko, inayopokea na kuchunguza, na kamati ya nidhamu, inayosikiliza na kuamua. Ni vyombo viwili tofauti kwa makusudi, ili anayechunguza asiwe ndiye anayehukumu. Na ngazi za adhabu zikawepo: unaweza kuonywa, kuwekewa masharti, kusimamishwa, kufutwa. Ile taa ndogo niliyoisema ikapatikana. Asiyeridhika ana njia ya kwenda mahakamani.

Sasa tutazame kilichobaki serikalini. Mpima Mkuu bado yupo, bado ni mtumishi wa umma katika wizara ya maliasili. Kumbukumbu za vipimo, yaani madaftari ya shambani na ramani tangu enzi za minyororo, ziko chini yake. Viwango vya jinsi kipimo kinavyofanywa, alama ya aina gani iwekwe na ramani ichorweje, vinatoka kwake. Mpima mwenye leseni hawezi kuamka tu na kwenda kupima kiwanja katika ardhi iliyotengwa. Anaomba maelekezo mahsusi kwanza, anapima, kisha ramani yake inakaguliwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Hayo yote yanatoka katika sheria nyingine, Sheria ya Upimaji wa Ardhi za Kanada, ambayo C-31 iliipunguzia vifungu vinavyohusu watu na kuiachia vinavyohusu ardhi.

Huu ndio mgawanyo ninaousifu. Sheria moja inamsimamia mtu, nyingine inausimamia mpaka. Chama kinaweza kuniambia fulani ni mpima mzembe na kumnyang'anya leseni. Hakiwezi kuamua mpaka uko wapi, wala kubadilisha kiwango ili kazi ya wanachama iwe nyepesi na faida inone. Watu wanaopinga kujisimamia kwa jumla huogopa kwamba wenye fani watajitungia viwango vya kuwafaa wao. Hapa kisu hicho kiliachwa mikononi mwa serikali. Na Mpima Mkuu anakaa katika baraza la chama, kwa hiyo anaona mambo yakipikwa kabla hayajaiva. Wamo pia wajumbe wanaoteuliwa na Waziri ambao si wanachama.

Huenda mtu akasema kwamba basi huko si kujisimamia kamili. Kweli, na sioni ubaya. Mwaka 1968 tume iliyoongozwa na jaji James McRuer huko Ontario, ikichunguza haki za raia dhidi ya madaraka ya vyombo vya umma, iliyachambua mamlaka ya vyama vya wanataaluma na kusema bila kuficha kwamba ni sehemu ya mamlaka ya kutunga sheria na ya kuhukumu yaliyokabidhiwa, na kwamba makabidhiano hayo yana uhalali pale tu yanapolinda maslahi ya umma. Ukilisoma hivyo, swali la kama chama kimepewa uhuru wa kutosha linakaa nyuma. Mbele linakaa swali la kama yule jirani asiyekuwepo amelindwa.

Kesi ya ngedere

Waswahili tuna msemo kuhusu kumpelekea nyani kesi ya ngedere, na hakuna pingamizi zito kuliko hilo dhidi ya sheria za aina hii. Katika fani ndogo lina uzito zaidi. Wapima Ardhi za Kanada ni mamia tu. Mpima wa kaskazini anayelalamikiwa pengine alifundishwa kazi na mjumbe wa kamati, au walilala hema moja majira ya kiangazi fulani. Wanaweza kuwa wanashindania zabuni ileile. Undugu unaweza kulegeza hukumu na ushindani unaweza kuikaza. Yote mawili ni upotofu.

Mfano wa jinsi chombo cha wapima kinavyoweza kuteleza upo, na hautoki Kanada. Taasisi ya Kifalme ya wapima ya Uingereza, RICS, ilipata hati ya kifalme mwaka 1881 na ina wanachama duniani kote. Ukaguzi wa ndani wa mwaka 2018 ulikuta udhaifu mkubwa katika usimamizi wa fedha zake. Wajumbe wanne wa bodi waliohoji kwa nini hawakupewa ripoti ile waliondolewa mwaka 2019. Mapitio huru yaliyotolewa Septemba 2021 yaliwapa haki wale wanne, na viongozi wa juu wakajiuzulu. Kosa lile halikuwa la kupima. Lilikuwa la chombo kinachoanza kujilinda chenyewe na kumwona anayeuliza kama adui. Taasisi yenye umri wa zaidi ya karne haikukingwa na umri wake.

Je, sheria ya 1998 ina kinga? Kwa kiasi. Kumtenga mchunguzi na mwamuzi ni kinga. Wajumbe wa nje ni kinga, ingawa mjumbe wa nje asiyejua tofauti ya alama ya asili na alama iliyorudishwa huishia kutikisa kichwa kukubaliana na wataalamu. Kinga ninayoiamini zaidi ni ile ambayo haikuandikwa kwa ajili ya nidhamu kabisa: ramani zote zinapita kwa Mpima Mkuu. Mpima anaweza kulindwa na rafiki zake katika kamati, lakini kazi yake mbovu inaacha nyayo katika kumbukumbu za serikali, ambazo chama hakizimiliki na hakiwezi kuzificha. Daktari mzembe huzika makosa yake. Ya mpima yanabaki ardhini yakiwa na namba juu yake.

Meza na wanaoketi

Nilisema kuna sehemu inayonikera.

Sheria ilianza kutumika tarehe 18 Machi 1999. Siku 14 baadaye, tarehe 1 Aprili, Nunavut ikazaliwa, ikiwa na mji mkuu Iqaluit na baraza lake la kutunga sheria. Chini yake yalikuwepo makubaliano ya 1993 yaliyowapa Wainuiti miliki ya ardhi yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 350,000. Tarehe 17 Juni mwaka huohuo, Sheria ya Usimamizi wa Ardhi za Mataifa ya Kwanza ilipata kibali, ikithibitisha makubaliano ya 1996 yaliyotiwa saini na jamii 14, ili jamii inayotaka itoke katika vifungu vya ardhi vya Sheria ya Wahindi na kujiandikia kanuni zake za ardhi.

Ndani ya miezi mitatu, basi, makundi mawili yalipata kujisimamia kuhusu ardhi ileile: wanaoipima na wanaoimiliki. Mimi naona huo ulikuwa wakati wa kuyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja. Haukutumika. Nafasi za watu wa nje katika baraza la chama ziliachwa kwa Waziri ateue amtakaye, mradi si mwanachama. Anaweza kumteua mzee wa Mataifa ya Kwanza anayejua kila jiwe la mpakani. Anaweza kumteua mhasibu kutoka mji wa kusini ambaye hajawahi kukanyaga ardhi iliyotengwa. Vyote ni halali.

Najua jibu linalotolewa: chama kinasimamia wapima, hakisimamii ardhi, kwa hiyo mwenye ardhi hana haja ya kiti maalumu. Nimetoka kuusifu mgawanyo huo mwenyewe na sitaukana. Lakini nidhamu ya mpima kwa sehemu kubwa ni swali la kama alisikiliza. Alimuuliza nani kuhusu uzio wa zamani? Alimwamini mzee aliyemwonyesha mahali ukingo wa mto ulipokuwa kabla haujahama, au aliona ni hadithi? Ushahidi wa mpaka haukai wote kwenye chuma. Mwingi uko vichwani mwa watu. Kamati inayopima kama mpima alitafuta ushahidi kwa bidii inahitaji ndani yake mtu anayejua ushahidi huo unakaa kwa nani na unaombwa kwa adabu gani. Hilo si suala la hisani. Ni suala la kuhukumu vizuri.

Njia ya kurekebisha haihitaji kuipindua sheria. Waziri anaweza kuteua kwa busara kuanzia kesho, kwa maandishi yaleyale ya 1998. Ninachotaka ni kwamba busara hiyo isitegemee waziri gani yuko ofisini. Kifungu kiseme kwamba sehemu ya wajumbe wa nje watoke katika jamii zinazoishi juu ya Ardhi za Kanada, na waingie pia katika kamati za malalamiko na nidhamu, ambako kazi yenyewe hufanyika. Wapima hawatapoteza chochote kwa hilo. Mnyororo ule wa 1869 ulisimama kwa sababu hakukuwa na mtu upande wa wapima aliyeweza kuzungumza na Nault.

Ukichukua leo ramani rasmi ya kiwanja katika ardhi iliyotengwa, ukaikunjua mezani, macho yako yaende chini kwenye visanduku vya saini. Utaona ya mpima, kwamba yeye mwenyewe au mtu aliye chini yake alikuwepo shambani. Halmashauri ya jamii inatakiwa kuwa imeridhia. Na Mpima Mkuu anathibitisha. Sheria ya 1998 inagusa saini moja tu kati ya hizo, ile ya kwanza, na inasema nani ana haki ya kuiweka na nani atamuuliza akiiweka vibaya. Jamii inaridhia karatasi ikishachorwa. Kwa yule aliyeichora, anayeulizwa bado ni mpima mwenzake.